"Printemps" si masika

Katika somo la tafsiri hapa Lubumbashi, neno la Kifaransa "printemps" tunalipita haraka. Mmoja anaandika "masika", mwingine "majira ya kuchipua", wote wanapata alama, na darasa linaendelea na sentensi inayofuata. Naona tunalipita haraka mno.

Tuanze na "masika". Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya, hizo ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Hazina uhusiano na theluji inayoyeyuka. "Majira ya kuchipua" ni afadhali, kwa sababu yanataja kile kinachoonekana kwenye miti. Lakini hata hayo hayamwambii mtu avae nini, na mara nyingi hilo ndilo analotaka kujua.

Chukueni Chicago, mji wa Marekani ambako baadhi ya wakimbizi kutoka Kongo wamepata makao. Mji huo uko kando ya Ziwa Michigan. Mwezi wa Aprili maji ya ziwa bado ni baridi sana, lakini jua likiwaka nchi kavu hupata joto upesi. Hewa yenye joto hupanda, na upepo wa baridi kutoka ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Mchana uleule, aliye ufukweni anaweza kuwa kwenye baridi ya nyuzi 10 zaidi kuliko mwenzake aliye upande wa magharibi, mbali na maji. Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa huko wamezoea kuongeza kwamba karibu na ziwa kutakuwa na baridi zaidi.

Tofauti kati ya mwaka na mwaka ni kubwa kuliko hiyo. Tarehe 21 Machi 2012, joto la Chicago lilipita nyuzi 30. Tarehe 7 Aprili 1982, lilishuka hadi karibu nyuzi 14 chini ya sifuri. Kwenye kalenda, siku zote mbili ni "printemps".

Sisi wa Lubumbashi tungepaswa kuelewa jambo hili kabla ya wengine. Tumezoea kutafsiri "été" kwa neno "kiangazi". Lakini kiangazi chetu ni miezi isiyo na mvua, na ndani yake kuna Juni na Julai, wakati wa baridi yetu kubwa. Alfajiri joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mchana likapita 20. Unatoka nyumbani na sweta, unarudi umelibeba mkononi. Joto kali huja Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Mgeni aliyeambiwa kwamba Julai atakuta "été" kwetu atatetemeka usiku wa kwanza.

Najua kuna watakaosema kwamba mtafsiri si mtabiri wa hali ya hewa. Ni kweli, na katika riwaya au shairi "majira ya kuchipua" yanatosha. Kuweka nyuzi za joto hapo kungeharibu maneno ya mwandishi. Lakini si kila tunachotafsiri ni fasihi. Wengi wetu tunapokea kwa simu barua za ndugu walio ng'ambo: shule inaeleza watoto wavae nini, au mwenye nyumba anatangaza siku ya kuzima mitambo ya kupasha joto. Mama akisomewa "masika yamefika" atatafuta mwavuli. Akisomewa "majira ya baridi yamekwisha" ataweka makoti sandukuni, na wiki inayofuata mtoto atasubiri basi kwenye upepo wa ziwa akiwa na shati tu.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu wetu. Mkitupa matini ya namna hiyo kwenye mtihani, msitoe alama kwa neno peke yake. Mtudai maswali matatu kabla ya kuandika: ni mahali gani, ni mwezi gani, na anayesoma atafanya nini na habari hii? Na pale ambapo neno la majira halitoshi, mturuhusu kuongeza sentensi moja: "Asubuhi bado kuna baridi kali, msiache makoti." Kwa sasa sentensi kama hiyo inakatwa kwa wino mwekundu kwa sababu haimo kwenye matini ya Kifaransa. Kwa yule mama, ndiyo sehemu ya barua atakayoitumia.