MIZANI YA MNYONYAJI

Ndugu wanachama, unyonyaji haukuondoka na bendera ya Mwingereza. Hapa Njisi mlanguzi hununua mpunga wetu kwa lumbesa, kisha humwuzia mkulima yule yule sukari kwa mizani iliyochezewa. Anatunyonya tukiuza, anatunyonya tukinunua!

Sheria ya Vipimo ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaja mlaji waziwazi. Lakini mama aliyepunjwa robo kilo atapandaje basi hadi Mbeya kudai haki, ilhali nauli inaizidi sukari yenyewe?

Bunge lizirekebishe: shauri la kipimo lisikilizwe katani, na mlaghai amlipe aliyepunjwa, asilipe faini ya Serikali tu. Sheria isiyofika sokoni humlinda mwizi. Wanachama, ipelekeni hoja hii mikutanoni!