Kuni za 'bure' zinavyowagharimu wanawake wa mashambani

MOSHI unaofuka jikoni alfajiri ni jambo la kawaida katika vijiji vya Matulo, Kaunti ya Bungoma, kiasi kwamba ni wachache wanaouona kuwa hatari. Kuni na magunzi ya mahindi yanayookotwa shambani huhesabiwa kuwa vya bure. Hesabu hiyo ina kasoro, kwani mwanamke huilipia kwa mapafu yake.

Sensa ya 2019 ilibaini kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini Kenya hupikia kuni. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka wa 2020. Chembechembe za moshi hupenya hadi mapafuni na kuchangia nimonia kwa watoto, kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu.

Sera za serikali zimekuwa zikiyumba. Mnamo Julai 2021 gesi ya kupikia ilitozwa VAT ya asilimia 16, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka wa 2022, kisha ikaondolewa Julai 2023. Hata hivyo, gesi huhitaji pesa taslimu, na katika boma nyingi mwenye kauli kuhusu pesa si yule anayevuta moshi.

Kwa sasa, kuni zilizokauka vyema, meko yenye bomba la kutolea moshi na jiko lenye madirisha vitapunguza madhara, japo havitayamaliza. Serikali isikomee kwenye ushuru. Familia nazo zikubali kwamba afya ya mpishi ni sehemu ya bei ya chakula.