HATARI NAMBA TATU

Somo la leo ni Mithali 22:3 na Mathayo 4:5-7.

Kuna fundisho limeingia makanisani kwetu kwamba ukisikiliza onyo la mtaalamu umekosa imani. Mimi nalikataa. Tazameni milima ya Alps kule Uswisi, watu wanakoenda kuteleza kwa ski na kutembea kwenye theluji.

Wakati wa baridi, kila siku saa kumi na moja jioni, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, kuanzia namba 1 hadi 5. Unadhani wengi hufa siku ya namba ngapi? Sio 5. Ni 3! Siku ya 5 kila mtu anaogopa, anakaa ndani. Siku ya 3 jua linawaka, theluji inametameta, na jana mtu alipita pale salama. Basi anaacha njia yenye alama, anaingia mteremko usiokanyagwa. Na mara nyingi poromoko linalomfunika ameliangusha yeye mwenyewe au mwenzake. Akifunikwa, dakika 15 zikipita nafasi ya kupona imeshuka sana.

Sasa soma Mathayo. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya hekalu, akamtajia ahadi ya malaika ili aruke. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini Yesu hakuruka. Je, alikosa imani?

Mama, presha imeshuka kwa sababu unameza dawa, halafu unasikia vizuri, unataka kuziacha. Hiyo ni namba 3. Dereva, mto umefurika barabarani na unasema jana ulipita. Hiyo pia ni namba 3. Hatari inayotumaliza ni ile tuliyoizoea.

Wachungaji wenzangu, tusimwambie kondoo atupe dawa madhabahuni. Tumwombee, kisha arudi hospitali apimwe. Mungu akiponya, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayesema dawa ziachwe.

Onyo nalo ni neema. Bwana anayekulinda ndiye aliyemtuma mtu akuambie, "Usipite hapo."

Leo ni onyo gani umelizoea? Litii kabla jua halijatua. Mbarikiwe.