Seneta akitoka nje, mgonjwa hungoja

Mnamo 2023, katika jimbo la Oregon, Marekani, maseneta wengi wa chama cha Republican walisusia vikao kwa wiki sita. Seneti hiyo ina wanachama 30, na sharti 20 wawepo ndipo kazi iendelee. Bila akidi, hakuna mswada unaopita.

Walichopinga hasa ni mswada wa afya kuhusu uavyaji mimba na matibabu ya wanaobadili jinsia. Kama daktari, naona hoja yao moja ilikuwa nzito: je, msichana mdogo aavye mimba bila mzazi kuarifiwa? Mwishowe kipengele cha walio chini ya miaka 15 kilirekebishwa.

Lakini miswada mingine pia ilikwama. Daktari asiyekubaliana na tiba ya mgonjwa mmoja haachi wodi nzima.

Najua msomaji ataniuliza: na ule mgomo wenu wa siku 100, uliokwisha Machi 2017? Swali la haki. Walioumia ni wasio na pesa za hospitali za kibinafsi, wala hawakuwa kwenye mazungumzo.

Wapiga kura wa Oregon walikuwa wameandika dawa yao Novemba 2022: akosaye vikao 10 bila ruhusa asigombee muhula unaofuata. Mahakama ya Juu ya jimbo iliikubali Februari 2024, maseneta 10 wakafungiwa nje. Dawa kali, lakini naiunga mkono. Hapa kwetu akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50 tu kati ya 349, na bado kuna siku kengele hulia viti vikiwa vitupu.