MKUU WA MKOA NI WA NANI?
Vijana wa Shangani, diwani mnamchagua, mbunge mnamchagua. Lakini Mkuu wa Mkoa mnaletewa! Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inampa Rais uwezo wa kuteua wakuu wa mikoa ya Bara, wasimamie shughuli zote za Serikali mikoani. Ibara ya 8 ya Katiba hiyo hiyo inatamka kuwa mamlaka yote yanatoka kwa wananchi. Je, aliyeteuliwa na Ikulu atamsikiliza nani? Mwaka 2013 Mtwara ilipopinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, walikuja wanajeshi. Tumeshikishwa makali, mpini uko Ikulu. Sisi tunasema: Mkuu wa Mkoa apigiwe kura! Vijana, daini Katiba mpya.