Maombi ya eksirei yasiandikwe nusunusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi maombi ya picha za eksirei yanavyoandikwa katika kompyuta za hospitali zetu.

Mimi ni mkazi wa Kunduchi. Kaka yangu aliponda kokoto katika machimbo ya hapa Mtongani kwa zaidi ya miaka 20, na aliwahi kuugua kifua kikuu akatibiwa akapona. Mwaka jana alianza kukohoa tena, nikampeleka hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari alimwuliza maswali mawili matatu, akabonyeza kompyuta, tukaambiwa twende chumba cha eksirei. Majibu yalipotoka, mahali pa maelezo ya mgonjwa palikuwa na neno moja tu: "Kikohozi."

Habari za kokoto hazikuwamo. Za kifua kikuu cha zamani nazo hazikuwamo, ingawa kaka alizitaja. Mtaalamu aliyesoma picha hakumwona mgonjwa. Alikuwa na picha na neno lile moja. Akaandika kwamba mapafu yana madoa, achunguzwe kifua kikuu. Simlaumu. Makovu ya kifua kikuu kilichopona yanaweza kufanana na ugonjwa mpya, na vumbi la mawe nalo huacha alama katika mapafu. Angejuaje?

Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Tulizunguka wiki sita na kulipia picha ya pili, mpaka daktari mwingine alipomwuliza: "Mzee, umefanya kazi gani maisha yako?" Ndipo maradhi ya vumbi yakaanza kutafutwa.

Zamani tulilalamika kwamba mwandiko wa daktari hausomeki. Leo maandishi yanasomeka vizuri, lakini hakuna cha kusoma.

Najua madaktari wetu wana foleni ndefu. Hata hivyo, ombi la eksirei ni barua ya daktari kwa mtaalamu mwenzake. Mguu wa kulia ukiandikwa wa kushoto, au mwanamke asipoulizwa kama ni mjamzito, madhara yaweza kuwa makubwa. Na kila picha inayorudiwa ni mionzi zaidi mwilini na fedha zaidi mfukoni.

Naishauri Wizara ya Afya mambo mawili. Kwanza, kompyuta isipokee ombi mpaka ijazwe: mgonjwa anaumwa nini na tangu lini, ameugua nini zamani na anafanya kazi gani, na daktari anataka kujua nini. Pili, kwa kuwa mwenye haraka anaweza kuandika nukta tu ili apite, mpiga picha apewe uwezo wa kumwuliza mgonjwa na kuongeza maelezo, au kulirudisha ombi. Mfumo wa GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya Serikali ulitengenezwa hapa nchini; wataalamu wetu hawawezi kushindwa na kazi hiyo.

Mashine za eksirei zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Je, maneno yanayoandikwa katika maombi yanakaguliwa na nani?

Nasi wagonjwa tusione haya kumweleza mpiga picha kazi zetu na maradhi yetu ya zamani, hata kama hakutuuliza.

Mkazi wa Kunduchi,
Dar es Salaam.