Goli la ukutani nalo ni goli

UE imeisha, watu wengi wameshapanda mabasi kurudi makwao, sisi tuliobaki tunabishana tu. Hoja ya wiki hii: je, hoki ya barafuni ipige marufuku magoli yanayotokana na kisahani kugonga ukuta na kurudi mbele ya lango?

Najua mtasema mtoto wa Gairo na barafu wapi na wapi. Kwetu baridi ipo na upepo upo wa kumwaga, lakini barafu ya kuchezea hakuna. Hata hivyo hoja hii inatuhusu, nitawaambia kwa nini.

Kwa wasioujua mchezo: badala ya mpira wanatumia kisahani kigumu cheusi. Uwanja wa ligi kubwa ya kule Marekani na Kanada, NHL, una urefu wa mita 61 hivi na umezungushiwa ukuta wa kimo kinachozidi mita 1 kidogo. Hakuna mpira wa kurusha kama soka. Kisahani kikigonga ukuta, kazi inaendelea. Tena nyuma ya lango kuna nafasi, kwa hiyo mtu anaweza kupiga pembeni ya goli kwa makusudi, kikagonga ukuta wa nyuma, kikarudi mbele, mwenzake akamalizia.

Na msidhani ni mambo ya wazungu tu. Nairobi wapo Ice Lions, wanacheza kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwenye kiwanja kidogo kama kile ukuta uko jirani muda wote. Ukifuta magoli ya ukutani pale, umebakiza nini?

Wanaotaka marufuku wana sababu mbili, na siyo za kijinga.

Ya kwanza, bahati. Mei 2011 Vancouver walikuwa wanacheza na San Jose, muda wa nyongeza wa pili, Vancouver wakishinda wanaingia fainali. Kisahani kikagonga nguzo ya kioo juu ya ukuta, kikabadili njia, karibu kila mtu uwanjani akakipoteza, kipa naye haelewi. Kevin Bieksa akakiona, akapiga, goli. Vancouver fainali, San Jose nyumbani. Inauma!

Ya pili, wenyeji. Uwanja wa Joe Louis kule Detroit, uliotumika kuanzia 1979 hadi 2017, ulisifika kwa ukuta wa nyuma unaorudisha kisahani kwa kasi. Timu ya nyumbani, Red Wings, waliujua ukuta ule kama mtu anavyojua mlango wa kwao, wakawa wanapiga nje ya lango makusudi. Mgeni anashangaa tu.

Hapa ndipo Gairo inapoingia. Likizo iliyopita vijana walikuwa na bonanza la mbuzi, wachezaji watano watano, kwenye uwanja ulio kando ya ukuta wa ghala. Walikubaliana toka mwanzo ukuta unacheza. Dogo wa wenyeji akapiga ukutani, mpira ukarudi mbele ya goli, mwenzake akafunga. Wageni wakagoma, kwamba hilo ni goli la ghala, siyo la mtu. Mechi ikafia hapo, mbuzi akabaki kamba shingoni hana mwenyewe. Sasa wapo wanaotaka sheria mpya: goli la ukutani lisihesabiwe.

Mimi nasema hapana, kwa hoki na kwa Gairo.

Kwanza, nani atapima nia? Refa atajuaje kama jamaa alilenga ukuta au alikosa lango? Na kikigonga ukuta kisha kikagusa mguu wa beki, tunahesabuje? Mtageuza mchezo kuwa kesi.

Pili, ukuta ni sehemu ya uwanja, wa timu zote mbili. Kinachotakiwa kukatazwa ni kitu kisicho sehemu ya mchezo. Mnakumbuka Oktoba 2009, Sunderland na Liverpool? Shuti la Darren Bent liligonga mpira wa ufukweni ulioingia uwanjani, kipa Reina akapotea, 1-0. Refa alikubali, wakati sheria ilimtaka akatae. Lile lilikuwa kosa. Mwaka 2019 soka ikaongeza kwamba mpira ukimgonga refa ukaingia golini, siyo goli. Hoki nayo inalikataa goli kisahani kikitoka kwa mwamuzi moja kwa moja hadi wavuni. Mstari upo tayari, tena mzuri.

Tatu, kama kasoro iko kwenye ukuta, tengeneza ukuta. Ukuta wa upande huu usirudishe kama jiwe na wa upande ule kama godoro. Na timu zibadilishane lango, kila mmoja aonje pande zote. Goli halina kosa.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Gairo, kabla ya bonanza lijalo fanyeni hivi: matofali yaliyochomoza yapigwe plasta, wageni wapewe nusu saa ya kuuzoea ukuta kabla ya filimbi, na makubaliano yasomwe mbele ya manahodha wote wawili. Atakayefungwa baada ya hapo amefungwa. Na mbuzi aliwe siku hiyo hiyo.

Nawasilisha.